Kadi ya mkopo imelala kabatini: nikiifunga, alama zangu za CRB zitaanguka?

Swali: Habari mtaalamu. Mwaka 2019 benki iliyokuwa ikipitisha mshahara wangu ilinipa kadi ya mkopo yenye limiti ya Sh200,000. Niliitumia mwaka mmoja hivi, nikalipa deni lote, nikaitia kabatini. Baadaye nilibadilisha kazi na mshahara ukahamia benki nyingine. Sasa nataka kuifunga, lakini binamu yangu aliye Dallas ananiambia nisithubutu, eti ukifunga kadi ya zamani alama zako za mkopo zinaporomoka. Mwakani nataka kuomba mkopo wa nyumba, ninaangalia upande wa Syokimau. Nina kadi nyingine ndogo ya limiti ya Sh50,000 ambayo naitumia kwa mafuta ya gari na supamaketi. Ile kubwa niifunge au niiache? Msomaji, Donholm.

Jibu: Dada, ifunge. Ila ifunge kwa utaratibu, na uanze sasa, usingoje hadi fomu za mkopo wa nyumba ziwe tayari mezani kwa afisa wa benki. Hapa Nairobi, kwenye mafaili ya CRB, yaani kampuni zinazotunza historia ya mikopo ya watu, kadi haikuumizi kwa sababu umeifunga. Inakuumiza ikiachwa wazi bila mtu wa kuiangalia, au ikifungwa nusunusu, mteja akiamini imefungwa na benki ikijua haijafungwa.

Nianze na binamu, maana hajakudanganya. Anakueleza mambo ya Marekani, na kule anachosema kina msingi. Alama za mkopo ni tarakimu ya kumpimia mkopaji uaminifu wake; zinazotumiwa sana nchini humo ni za FICO, zilizoanza kutolewa 1989, nazo huanzia 300 hadi 850. Mgawanyo wake unajulikana: historia ya kulipa inabeba 35%, kiasi unachodaiwa 30%, umri wa historia yako ya mikopo 15%, mikopo mipya 10%, na mchanganyiko wa aina za mikopo 10%. Kadi isiyotumika inaingilia kwenye ile 30%. Miongoni mwa mambo yanayotazamwa hapo ni limiti za kadi zako zote kwa pamoja, na ni asilimia ngapi yake umekwisha kutumia.

Sasa chukua kadi zako mbili kana kwamba wewe ndiye uliye Dallas. Limiti zote ni Sh250,000. Tuseme siku benki inapofunga hesabu ya mwezi, kadi ndogo ina deni la Sh20,000. Hiyo ni 8%, na hakuna atakayekushtukia. Funga ile kubwa. Deni ni lilelile, hujaongeza hata mkate, lakini Sh20,000 sasa inapimwa dhidi ya Sh50,000, yaani 40%. Kompyuta haina habari kwamba umefunga kadi kwa sababu una nidhamu. Inaona mtu aliyekula karibu nusu ya alichoruhusiwa, nayo inashusha alama. Woga wa binamu yako umetoka hapo.

Kuna mambo mawili ambayo ushauri huu huyaacha njiani kila unaposafiri kwa WhatsApp. La kwanza: kama kadi inayobaki haina deni siku ya kufunga hesabu, sifuri ukiigawa kwa limiti yoyote inabaki sifuri, kwa hiyo kufunga ile nyingine hakukutikisi upande huo. Na hata asilimia ikipanda, ukilipa deni likashuka, alama hurudi mwezi unaofuata au huo mwingine. La pili linahusu umri. Watu husema kwamba ukifunga kadi ya mwaka 2019 umefuta historia ya tangu 2019. Sivyo. Kule Marekani akaunti iliyofungwa ikiwa safi hubaki kwenye ripoti hadi miaka 10, na FICO huendelea kuuhesabu umri wake muda huo wote. Kwa hiyo hata kwa binamu yako, kufunga kadi moja hakustahili kumnyima mtu usingizi, isipokuwa awe na madeni kwenye kadi nyingine na anaomba mkopo mkubwa mwezi huohuo.

Halafu faili la Marekani haliji Kenya, na la Kenya haliendi Marekani. Najua jina linawachanganya watu. TransUnion, yenye makao makuu Chicago, ni mojawapo ya kampuni tatu za CRB zenye leseni ya Benki Kuu ya Kenya. Nyingine ni Metropol na Creditinfo. Jina ni moja, mafaili mbalimbali. Muuguzi wa Nairobi anayehamia Texas hufika huko kama mtu ambaye hajawahi kukopa maishani, hata kama alikuwa amemaliza kulipa mkopo wa milioni tatu hapa nyumbani.

Tuje kwako. Tangu kanuni za 2013, benki zetu hupeleka kwa CRB taarifa nzuri na mbaya pia. Maana yake wewe una faili huko tangu ulipopewa hiyo kadi 2019, na kuwa na faili si jambo baya. Faili lako lina mstari wa kadi hiyo: imefunguliwa lini, limiti ni ngapi, deni ni ngapi, siku za kuchelewa ni ngapi. Kila mwezi uliopita bila deni, mstari huo ulisema jambo zuri juu yako. Ukiifunga, mstari hauchomolewi. Unabadilika tu na kusoma kwamba akaunti imefungwa, salio ni sifuri, siku za kuchelewa ni sifuri. Afisa wa mikopo akiuona anapita, hana la kuuliza.

Je, alama zenyewe? Fomula kamili ni siri ya biashara ya kila kampuni, na ndiyo sababu unaweza kupata alama moja Metropol na nyingine TransUnion siku hiyohiyo. Metropol huanzia 200 hadi 900, na ukiwa chini ya 400 unahesabiwa kuwa mtu aliyeshindwa kulipa mahali fulani. Vigezo vinashabihiana na vya kule ng'ambo: unalipaje, unadaiwa kiasi gani, umekuwa mkopaji kwa muda gani, umeomba mikopo mingapi siku za karibuni. Kwa hiyo sikuahidi kwamba alama hazitasogea hata moja. Zinaweza kushuka kidogo mwezi wa kwanza, hasa kama ile kadi ndogo unaijaza mafuta ya mwezi mzima. Dawa yake ni kuilipa siku mbili tatu kabla ya tarehe ya taarifa ya mwezi badala ya kungoja tarehe ya mwisho ya kulipa, ili salio linaloripotiwa liwe dogo. Fanya hivyo miezi miwili mitatu na suala hilo limekwisha.

Sasa nikuambie jambo ambalo video za Marekani hazigusi, na ambalo kwa mtu anayetafuta nyumba Syokimau lina uzito kuliko alama zote hizo. Benki ya hapa ikikupimia mkopo wa nyumba haitazami alama tu. Inachukua pesilipu yako na kuuliza: kila mwezi huyu anabaki na ngapi? Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inasema makato yote ya mshahara yasizidi theluthi mbili, mfanyakazi abaki na theluthi moja. Kifungu hicho kinahusu makato ya mwajiri, lakini kipimo cha theluthi kimekuwa mazoea ya benki na Sacco hata kwa madeni ambayo hayapiti kwenye pesilipu. Na kadi ya mkopo, hata ikiwa haina deni la senti moja, ni deni linaloweza kutokea kesho asubuhi. Leo unasaini mkopo wa nyumba, kesho unaingia dukani na kuchukua Sh200,000. Afisa mwangalifu hulijua hilo, kwa hiyo huchukua asilimia fulani ya limiti na kuihesabu kana kwamba unailipa kila mwezi.

Tufanye hesabu, tarakimu ni za mfano. Mshahara wako ni Sh120,000. Ukitoa kodi, NSSF, bima ya afya ya SHA, tozo ya nyumba na Sacco, unabaki na Sh70,000. Theluthi ya mshahara ni Sh40,000, nayo haiguswi. Nafasi ya kulipia nyumba ni Sh30,000 kwa mwezi. Benki ikihesabu 5% ya limiti ya kadi iliyo kabatini, hiyo ni Sh10,000, na nafasi yako imeshuka hadi Sh20,000. Kwa riba ya 12% kwa mwaka na muda wa miaka 20, malipo ya Sh10,000 kila mwezi yanabeba mkopo wa karibu Sh908,000. Yaani kadi ambayo hujaigusa miaka mingi inaweza kukupunguzia nyumba kwa laki tisa. Si kila benki hutumia asilimia hiyo, nyingine huhesabu zaidi, nyingine huangalia tu salio. Lakini ukinilazimisha kuchagua kati ya kupoteza alama kumi na tano za Metropol na kupoteza laki tisa za mkopo, sitakuomba muda wa kufikiri. Nimeona watu wakipewa barua ya mkopo yenye sharti kwamba wafunge kadi fulani kwanza ndipo pesa zitoke, na hapo mambo huchelewa wiki nzima kwa sababu ya plastiki iliyosahaulika.

Kuna hatari nyingine, na hii ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi kwa hadithi yako, kwa sababu ulibadilisha kazi na benki. Hukunitajia ada ya mwaka. Nenda kaangalie. Kadi nyingi za hapa zina ada ya mwaka, inayokatwa utumie usitumie, na juu yake ushuru wa serikali. Ikikatwa kwenye kadi isiyo na salio, inakuwa deni. Fikiria mambo yanavyofuatana. Ada na ushuru jumla Sh4,000 inaingia kwenye kadi mwezi wa Machi. Taarifa ya mwezi inatumwa kwa imeili ya kazini kwako kwa zamani, ile uliyoandika kwenye fomu 2019, na ambayo ilizimwa wiki uliyoaga. Malipo ya chini kabisa yalikuwa yakikatwa yenyewe kutoka akaunti yako ya mshahara, lakini mshahara ulihama na akaunti ile ina Sh37. Ombi la kukata linarudi bila kitu. Mwezi unaofuata inaongezwa faini ya kuchelewa, na riba juu ya vyote viwili. Ujumbe wa simu nao unaenda kwa laini uliyoiacha. Hakuna aliyekutendea ubaya. Ni mitambo inafanya kazi yake.

Zikipita siku 90 bila malipo, kwa taratibu za Benki Kuu deni hilo linahama kutoka kundi la kuangaliwa na kuingia kundi la mikopo isiyolipika. Kanuni za CRB za 2020 zinakataza kuripoti mtu kwa deni lisilofika Sh1,000, lakini ada ya mwaka moja tu hupita hapo kirahisi. Benki inatakiwa kukupa notisi ya siku 30 kabla ya kupeleka taarifa mbaya. Itaituma, kwa imeili ileile iliyokufa. Kisha mwakani unapeleka maombi ya nyumba, umevaa vizuri, malipo ya awali yako tayari, afisa anageuza skrini ya kompyuta na kukuuliza hili deni la Sh9,000 ni la nini. Ukililipa siku hiyo, taarifa ya kwamba uliwahi kushindwa kulipa hubaki kwenye faili miaka 5 tangu ulipolipa, ingawa itaonyesha pia kwamba umemaliza. Kwa hiyo kabla ya kuwaza alama zitashuka kiasi gani ukifunga, hakikisha kadi hiyo haijaanza kukushusha kimyakimya.

Ukikuta deni limevimba, usikubali tarakimu yoyote utakayotajiwa kwenye simu. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kinachotumika tangu Mei 2007, kinaiwekea benki mpaka: mkopo ukishakuwa wa kutolipika, riba inayoweza kudaiwa haizidi kiasi cha deni la msingi lililokuwepo siku ulipokwama, pamoja na gharama halali za kudai. Omba mchanganuo kwa maandishi, mstari kwa mstari, tangu siku salio lilipokuwa sifuri. Na kama ni ada tu na faini zake, zungumza nao kwa upole na uombe wafute faini. Mara nyingi hukubali kuondoa faini wakibakiza ada, hasa ukiwaeleza kwamba unalipa leo na unafunga leo.

Kabla ya kwenda tawini, pata ripoti zako. Una haki ya ripoti moja ya bure kwa mwaka kutoka kila kampuni ya CRB. Metropol wana *433#, TransUnion huanzia kwa kutuma jina lako kwa 21272, Creditinfo unawapata kwenye tovuti yao. Chukua zote tatu. Watu huchukua moja, wakaiona safi, wakatulia, kumbe benki wanayoiendea inasoma nyingine. Tafuta mstari wa kadi hiyo na usome tarakimu tatu: salio, kiasi kilichochelewa, na siku za kuchelewa. Na ukikuta mkopo usioujua, usiupite. Simu za lipa mdogo mdogo zilizochukuliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine nimeziona mara nyingi kuliko ninavyotaka.

Namna ya kuifunga sasa. Tafadhali usiikate kwa makasi ukadhani umefunga. Kuizima kwenye programu ya simu pia si kufunga, ni kuifungia tu isitumike. Akaunti inaendelea kuishi na ada inaendelea kuja. Kwanza ondoa vyote vilivyounganishwa nayo: Netflix, Uber, hifadhi ya Google, kikoa cha tovuti ya chama chenu, chochote kinachojikata chenyewe. Kama mumeo ana kadi ya ziada iliyofunguliwa chini ya yako, nayo inafungwa pamoja, kwa hiyo mwambie mapema asije akaaibika petroli ikiwa imeshatiwa. Kisha omba benki ikupe salio la kufungia la tarehe fulani, yaani kiasi ambacho ukikilipa hakuna kitakachobaki, pamoja na riba ya siku ambazo bado hazijaandikwa. Mabaki hutokea hapa. Mteja hulipa tarakimu iliyo kwenye taarifa ya mwezi, wiki mbili baadaye riba ya siku kumi na moja inajitokeza, Sh312, hakuna anayeitazama, nayo inazaa faini.

Ukishalipa, andika. Barua au imeili kutoka anwani ambayo benki inaitambua, ukitaja nambari nne za mwisho za kadi, tarehe, na ombi la kwamba akaunti ya kadi ifungwe na idhini ya kukata pesa kwenye akaunti yako ifutwe. Kama anwani yao ya kumbukumbu ni ile ya kazini kwa zamani, itabidi ufike tawini na kitambulisho ubadilishe kwanza, hakuna njia ya mkato. Ukipeleka barua kwa mkono, nenda na nakala mbili na uhakikishe yako imegongwa muhuri wa kupokelewa. Kama kadi yako ilidhaminiwa na pesa zilizowekwa benki, uliza kwa maandishi zinaachiliwa lini, maana baadhi ya benki huzishikilia wiki kadhaa baada ya kufunga ili malipo yaliyochelewa kufika yasiwapate patupu.

Watakubembeleza. Ukitaja neno kufunga utaunganishwa na kijana mwenye sauti nzuri atakayekuambia ada ya mwaka huu imesamehewa, limiti imepandishwa hadi laki tatu, na kuna pointi za ndege. Msikilize kwa adabu. Ada ya kusamehewa ni nzuri kwa mtu anayetumia kadi. Limiti ya kupandishwa, kwa mtu anayekwenda kuomba mkopo wa nyumba, ndiyo zawadi mbaya kuliko zote. Rudia ile hesabu ya laki tisa ukiweka laki tatu mahali pa mbili.

Usiondoke bila barua ya kufunga. Inapaswa kusema akaunti imefungwa tarehe fulani na hudaiwi chochote. Wengine huitoa siku hiyohiyo, wengine huchukua hadi mzunguko wa taarifa unaofuata upite. Ifuatilie. Benki hupeleka taarifa kwa CRB kila mwezi, kwa hiyo ipe miezi miwili, kisha angalia tena mstari wa kadi. Ukikuta bado inasomeka iko wazi, au ina salio la ajabu, peleka malalamiko kwa kampuni ya CRB yenyewe ukiambatisha barua. Kupinga taarifa isiyo sahihi hakulipiwi. Ndiyo maana nimekuambia uanze sasa: miezi miwili ya kusubiri, pengine mwezi wa kubishana, na bado una nafasi kabla ya maombi yako.

Kuna hali ambazo ningekupa jibu tofauti. Kama maombi ya nyumba yangekuwa yameshaingia na yanashughulikiwa wiki hii, ningesema usiguse kitu hadi afisa wako akuambie, kwa sababu faili linalobadilika katikati ya tathmini huleta maswali. Kama kadi ndogo ingekuwa imejaa hadi juu, ningesema lipa hiyo kwanza, ndipo ufunge kubwa. Na kama kadi kubwa ndiyo ingekuwa mkopo wako wa pekee, isiyo na ada, na huna mpango wa kukopa karibuni, ningekuambia omba limiti ishushwe hadi Sh30,000, ununue nayo kitu kidogo mara moja kwa miezi michache, ulipe, ili faili lako liwe na la kusema. Mtu asiye na historia yoyote naye hupata taabu benki; hawana cha kumpimia. Lakini wewe kadi ndogo inakufanyia kazi hiyo tayari, na nadhani una mkopo wa Sacco pia.

Ukitaka kulinda alama zako mwaka huu, nguvu zako zielekeze kwingine. Mkopo wa programu ya simu wa Sh3,000 uliochelewa wiki sita utakuharibia zaidi ya kadi tatu zilizofungwa kwa amani. Vivyo hivyo kuomba mikopo minne kwa taasisi nne ndani ya mwezi mmoja ili kuona nani atatoa: kila anayefungua faili lako huacha alama ya kwamba alitazama, na anayefuata anajiuliza kwa nini wenzake walikunyima. Kama kuna deni la Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, linaloning'inia, limalize. Kama umemdhamini mtu kwenye Sacco, mpigie simu umuulize anaendeleaje na malipo, kwa sababu akikwama, makato yatahamia kwenye pesilipu yako, na ile theluthi tuliyoihesabu itatafunwa na deni ambalo hata si lako.

Ile barua ya kufunga itie kwenye faili moja na hati utakazopeleka kwa ajili ya nyumba, nakala halisi, si picha ya simu. Benki utakayoomba ikivuta ripoti ya zamani kabla mabadiliko hayajafika, utaitoa papo hapo na afisa ataiambatisha kwenye tathmini. Na ukikuta ada imekuwa ikikatwa miaka yote hii, niandikie tena na tarakimu za taarifa, tuangalie pamoja ni kipi cha kulipa na kipi cha kupinga.